Somo: Umbo la tairi la pikipiki kwenye miteremko ya Bukavu

Wenzangu motari, kuna mtindo umetuingia. Mtu anatoa tairi la nyuma la 3.00-17, anavalisha 110/90-17, anaona pikipiki imenenepa, anafurahi. Siku chache baadaye analalamika kwamba kwenye kona za kushuka Kadutu pikipiki inalala ghafla kabla hajaiambia. Analaumu tairi, na tairi ni zima. Kilichoharibika ni umbo lake, kwa sababu limekalishwa kwenye rimu isiyo yake.

Hatua ya 1: soma namba, kisha piga hesabu. 110/90-17 maana yake upana ni mm 110, kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo, yaani mm 99, na rimu ni ya inchi 17. Kwenye 3.00-17 upana ni inchi 3, kama mm 76, na kimo cha ubavu hukaribia kuwa sawa na upana. Rimu ya inchi 17 ni mm 432. Jumlisha ubavu mara mbili: tairi nene linapata kipenyo cha mm 630, la zamani karibu mm 584. Nyuma imepanda mm 23, na usukani unakuwa mwepesi kupita ulivyozoea. Tena gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 8, sawa na kupunguza meno 3 kwenye sproketi ya nyuma yenye meno 42. Ukiwa na abiria na gunia la makaa kwenye mwinuko, injini itakuambia yenyewe.

Hatua ya 2: tazama upana wa rimu. Hapa ndipo wengi hawatazami. Rimu imechongwa 17x1.60 au 17x1.85, namba ya pili ni upana kwa inchi. Ukibana tairi la mm 110 humo, mbavu zinavutwa ndani na uso unachongoka. Ukienda wima unagusa lami kwa ukanda mwembamba, ukilala unadondokea upande. Kinyume chake, tairi jembamba kwenye rimu pana hutanuka, uso unakuwa bapa, na pikipiki inakataa kulala. Orodha ya mtengenezaji wa tairi hutaja rimu zinazofaa. Muulize muuzaji kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 3: pima umbo kwa kadibodi. Chukua kipande cha boksi, ukate polepole mpaka kikae juu ya uso wa tairi jipya, ukingo hadi ukingo. Kitunze. Baada ya miezi kadhaa kirudishe palepale. Ukiona mwanga katikati huku kingo zikigusa, katikati imeliwa ikawa bapa. Ndiyo maana kwenye kona unahisi kama unapanda ngazi: unatoka kwenye ubapa kwenda begani mwa tairi kwa mkupuo.

Hatua ya 4: nafasi. Zungusha gurudumu ukiangalia cheni, madigadi na fito ya breki. Kidole kipite kila mahali.

Hatua ya 5: kuvalisha. Mshale ufuate mwendo, tyubu iwe ya saizi ya tairi. Ukishajaza upepo, tafuta mstari mwembamba ulio ubavuni karibu na rimu; uwe na umbali uleule kuzunguka pande zote. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena.

Maswali ya wanachama

*Motari wa Panzi:* Fundi, mimi nabeba mizigo. Tairi pana si ndilo linalobeba zaidi?

Kaka, tazama namba ya mwisho ubavuni mwa tairi, baada ya saizi; ndiyo ya uzito, na herufi yake ni ya mwendo. 50P ni kilo 190 kwa tairi moja, na P ni mwendo wa juu wa km 150 kwa saa. 56 ni kilo 224. Tafuta 3.00-17 yenye namba kubwa ya uzito, utabeba bila kuharibu umbo.

*Mwanachama wa Goma:* Kwetu ni mawe ya volkano. Tairi la ubavu mfupi litafaa?

Hapana, ndugu. Ubavu mrefu ndio unaokinga tyubu isibanwe kati ya jiwe na rimu. Epuka 70, baki kwenye 90 au 100, na usipunguze upepo ili kutafuta ulaini.

*Motari wa Bagira:* Na mbele, naweza kuongeza?

Mimi nakushauri uache saizi ya kiwandani. Pikipiki zetu nyingi zina kamba ya spidomita kwenye gurudumu la mbele. Ukiweka kubwa, itaonyesha mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda.

*Dada wa Nyawera:* La nyuma limekuwa bapa katikati, pembeni bado ni jipya. Nilihamishie mbele?

Usifanye hivyo, dada. Mbele ndiko kunakoongoza kona na kubeba breki kubwa, na ubapa huo utakusumbua zaidi huko. Nunua jipya, na kilomita 100 za kwanza usilaze sana: uso wake bado unateleza, na mkono wako umezoea lile bapa.