Shule za Montgomery County, Maryland: anwani na kadi ya kliniki kwanza

Montgomery County Public Schools, au MCPS kama wenyeji wanavyoiita, ndiyo wilaya ya shule kubwa kuliko zote katika jimbo la Maryland: wanafunzi wapatao 160,000 na shule zaidi ya 200, makao makuu yakiwa Rockville, kaskazini mwa Washington, D.C. Mwaka 2010 ilipata tuzo ya taifa ya ubora ya Malcolm Baldrige. Nyuma ya tuzo hiyo kulikuwa na uamuzi mgumu. Jerry Weast, aliyeiongoza kuanzia 1999 hadi 2011, aliigawa kaunti kanda mbili. Ya kijani ilikuwa ya wenye nacho. Nyekundu ilikuwa na wahamiaji na familia nyingi za kipato cha chini. Chekechea ya kutwa nzima na madarasa yenye watoto wachache vilianzia nyekundu.

Utafiti uliotoka mwaka huohuo wa 2010 ulionyesha jambo linalomhusu moja kwa moja mtu anayetafuta nyumba. Watoto wa nyumba za umma waliosoma katika shule zenye watoto wachache maskini walifanya vizuri zaidi, hasa katika hisabati, kuliko wenzao walioachwa kwenye shule za kanda nyekundu, zilizoongezewa fedha. Kwa hiyo usijiondoe mapema kwenye mitaa ya gharama. Tangu 1974 kaunti huwalazimisha wajenzi wa miradi mikubwa kutenga nyumba za bei nafuu, zinazojulikana kama MPDU, na zipo za kupanga. Omba hizo kabla ya kusaini mkataba mahali pengine.

Shule huandamana na anwani. Kabla ya kulipa kodi ya kwanza, ingiza namba ya nyumba na jina la mtaa kwenye kitafutio cha shule katika tovuti ya MCPS. Usimtegemee dalali, kwa sababu mipaka hukata mtaa katikati, na mwaka 2025 wilaya ilianza kuipitia upya ile ya sekondari. Anayetoka shule ya nje ya Marekani huandikishwa kupitia ofisi ya kimataifa ya wilaya. Beba cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto, kitambulisho chako, mkataba wa upangaji na bili ya karibuni yenye jina lako. Mnaoishi kwa ndugu, ipo fomu ya kuishi nyumba ya pamoja, na mwenye nyumba hushiriki kuijaza. Kuazima anwani ya rafiki ni kosa, na likigundulika utadaiwa karo.

Kosa kubwa zaidi ni kumleta mtoto wa dada au kaka ili asome tu. Maryland humkubali mtoto anayelelewa na ndugu bila amri ya mahakama pale tu wazazi wamepatwa na shida kubwa, kama kifo, ugonjwa mzito au kifungo. Shule nzuri si shida kubwa. Visa ya kutembea hairuhusu masomo. Ya F-1, yaani ya mwanafunzi, haimruhusu mtoto kusoma shule ya msingi ya umma, na sekondari humpa miezi 12 tu, kwa kulipa gharama yote. Lakini kwa mtoto anayeishi hapa na wazazi wake, uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1982 umefunga mjadala: shule haina ruhusa kumkatalia kwa sababu ya hadhi ya uhamiaji.

Wanaokwama wengi hukwama kwenye chanjo, ingawa mtoto alichanjwa zote. Kenya na Tanzania hutoa chanjo ya surua na rubela katika miezi 9 na 18. Hapa dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi, na pia matumbwitumbwi hayamo ndani yake. Tetekuwanga haimo kabisa kwenye ratiba ya kawaida ya kwetu. Homa ya ini B huishia wiki ya 14, ilhali kanuni za Marekani hutaka dozi ya mwisho isitolewe kabla ya wiki ya 24. Kuanzia darasa la 7 huongezwa Tdap (ya pepopunda, dondakoo na kifaduro) na chanjo ya homa ya uti wa mgongo. MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) na ya tetekuwanga zichomwe siku moja, la sivyo zipishane siku 28. Zikikaribiana zaidi, ya pili hurudiwa. Shule inaweza kumpokea mtoto kwa muda ukionyesha miadi ya kliniki iliyo ndani ya siku 20. Wakitaka kupima kifua kikuu, omba kipimo cha damu, maana BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga, huweza kukidanganya kile cha ngozi. Usiache kadi ya kliniki nyumbani kwa bibi.

Kwa sekondari, beba ripoti za kila kidato zenye mhuri, si za mwaka wa mwisho peke yake. Kuhitimu hudai krediti 22, yaani vipimo vya masomo yaliyofaulu, na saa 75 za huduma kwa jamii, na kidato kisicho na ripoti ni krediti zilizopotea.

Fomu itauliza lugha ya nyumbani. Andika Kiswahili. Mtoto atapimwa Kiingereza, na akikiweza hatawekwa darasa la msaada. Mzazi pia ana haki ya kukataa msaada huo, ila mtoto ataendelea kufanya mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao, mwombe mapema, ni bure. Usimtumie mtoto kukutafsiria habari zake mwenyewe.

Familia za Bujumbura na Bukavu zinaweza kuangalia shule za msingi Maryvale na Sligo Creek, zilizojulikana kwa kufundisha kwa Kifaransa. Nafasi ni za bahati nasibu. Kwa mwenye kipaji cha hesabu na kompyuta, Montgomery Blair ya Silver Spring ina programu maalumu tangu 1985, na Richard Montgomery ya Rockville ina IB, mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate. Tarehe za mwisho za maombi hupita miezi mingi kabla ya muhula kuanza, na anayefika Agosti ameshachelewa.

Basi la shule ni bure, lakini wa msingi aliye ndani ya maili 1 kutoka shuleni hutembea. Shule ya kati, ya darasa la 6 hadi 8, ni maili 1.5, sekondari 2. Pima umbali huo kabla ya kusaini mkataba, ukikumbuka kwamba Januari njia huwa na barafu.