Fedha za Chuo Kikuu Nchini Uganda: Namna ya Kuziomba na Kuhesabu Pengo Linalobaki

Mwanafunzi anayemaliza kidato cha sita nchini Uganda husikia maneno matatu yakitajwa kana kwamba ni kitu kimoja: ufadhili wa serikali, mkopo na basari. Kila moja lina mlango wake, masharti yake na majira yake, na jambo ambalo wazazi wengi hulitambua mtoto akiwa ameshafika chuoni ni kwamba kila moja hulipia sehemu fulani ya gharama na kuiacha nyingine mikononi mwa familia. Ninaanzia kwenye sehemu hiyo inayoachwa, kwa kuwa wengi ninaowafahamu waliokatiza masomo hawakushindwa na ada kuu. Walishindwa na kodi ya chumba, chakula, na zile ada ndogondogo ambazo hakuna aliyezitaja siku ya kusherehekea barua ya udahili.

Barua hiyo huambatana na karatasi ya ada, nayo isomwe mstari kwa mstari kabla ya kuomba msaada wowote. Utaikuta ada ya masomo, ambayo ndiyo kubwa na ndiyo inayotisha, na chini yake ada za huduma: usajili, maktaba, mitihani, matibabu, chama cha wanafunzi na nyinginezo. Chukua daftari, uandike jumla ya mwaka mmoja, kisha uizidishe kwa miaka ya kozi, ukikumbuka kwamba shahada nyingi za sanaa na ualimu huchukua miaka 3, sheria na uhandisi miaka 4, na udaktari miaka 5. Baada ya hapo ongeza yale ambayo chuo hakiyaandiki: hosteli, chakula cha kila siku hata kama ni rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) na chai, nauli ya kwenda na kurudi nyumbani, kunakili na kuchapisha kazi, mafunzo kwa vitendo ambayo mara nyingi hufanyika wakati wa likizo ndefu mbali na nyumbani, na gharama ya utafiti katika mwaka wa mwisho.

Mpwa wangu alilipiwa ada yote ya masomo ya muhula wake wa kwanza, akahudhuria mihadhara bila kukosa, lakini wiki ya mitihani ilipofika hakuweza kuchapisha kadi ya mtihani, kwa sababu mfumo wa chuo ulionyesha kwamba anadaiwa ada za huduma. Tulitoa nambari ya malipo mtandaoni na kulipa kwa simu jioni ya kuamkia mtihani, tukakesha tukiutazama ukurasa wake hadi deni lilipofutika alfajiri. Tangu siku hiyo humwambia kila mzazi anayeniuliza kwamba ada ya masomo na ada za huduma ni madeni mawili, na kulipwa kwa moja hakulipi la pili.

Ufadhili wa serikali

Kila mwaka serikali hulipia wanafunzi wapatao 4,000 wanaoingia vyuo vikuu vya umma kama Makerere, Kyambogo, Mbarara, Gulu na Busitema. Sehemu kubwa, takriban robo tatu, huchaguliwa kwa ushindani wa kitaifa wa alama za UACE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha sita. Sehemu nyingine huenda kwa mgao wa wilaya ulioanzishwa mwaka 2005, ambapo mwanafunzi hushindanishwa na wenzake wa wilaya anayotoka badala ya nchi nzima, na idadi ndogo hutengewa watu wenye ulemavu na wanamichezo wenye vipaji. Anayepata nafasi hii hulipiwa ada, na ama hupewa malazi katika bweni la chuo, ama hupewa posho ya kujikimu akiishi nje. Hakuna msaada wa ndani unaoziba pengo kwa kiasi hicho, ndiyo maana ushindani wake ni mkali.

Wengi hawaelewi kwa nini jirani mwenye alama zilezile amechukuliwa nao wameachwa. Jibu limo katika uzito wa masomo. Ufaulu wa A una alama 6, B 5, C 4, D 3, E 2 na O 1, lakini alama hizo huzidishwa kulingana na kozi iliyoombwa: masomo ya lazima kwa kozi hiyo huzidishwa kwa 3, linalohusiana nayo kwa 2, na yale ya ziada huhesabiwa kwa 1. Tuchukue msichana anayeomba kozi ya sayansi ambayo masomo yake ya lazima ni kemia na biolojia. Amepata A ya kemia, B ya biolojia na C ya fizikia, akafaulu pia masomo mawili madogo ya ziada, Jenerali Pepa (karatasi ya maarifa ya jumla) na hisabati ndogo. Kemia itampa 18, biolojia 15, fizikia 8, na yale mawili madogo 1 kila moja, jumla 43. Huongezewa sehemu ndogo inayotokana na matokeo yake ya kidato cha nne, na kwa kuwa ni msichana hupewa nyongeza ya 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Sasa mwache msichana huyohuyo aombe kozi ambayo masomo yake ya lazima ni fizikia na kemia, na biolojia iwe ndiyo inayohusiana: fizikia itampa 12, kemia 18, biolojia 10, na jumla itashuka hadi 42. Mtihani ni uleule, karatasi ni ileile, lakini amepoteza alama nzima kwa mpangilio wa chaguo tu, na katika kozi zinazogombewa alama moja hutenganisha watu wengi. Kwa hiyo mwanafunzi afanye hesabu hii kwa kila kozi anayoitaka kabla ya kupanga machaguo yake, tena akiwa na orodha ya uzito iliyotolewa na chuo mwaka huohuo.

Mkopo

Aliyekosa nafasi ya serikali, au aliyedahiliwa katika chuo binafsi, anaweza kugeukia Bodi ya Kufadhili Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wengi huijua kwa herufi HESFB. Bodi hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ikaanza kutoa mikopo katika mwaka wa masomo wa 2014/15. Mkopo ni wa raia wa Uganda aliyekwisha kudahiliwa katika chuo kinachotambuliwa na kozi iliyoidhinishwa, na kozi zinazopewa kipaumbele ni za sayansi na teknolojia. Anayetaka kusomea fasihi au uongozi wa biashara aitazame kwanza orodha ya kozi zinazokopeshwa, asije akatumia mwezi mzima kukusanya nyaraka kwa ajili ya kozi isiyokuwamo.

Mkopo hulipia ada ya masomo, ada za huduma na utafiti, pamoja na vifaa vya kujimudu kwa wanafunzi wenye ulemavu. Haulipii chumba wala chakula. Tena fedha hazipiti mkononi mwa mwanafunzi. Hupelekwa moja kwa moja chuoni. Hapo ndipo daftari lile la mwanzo linapofaa: mwenye mkopo bado anahitaji fedha za kuishi kwa kila muhula, na familia inayodhani kwamba mkopo umemaliza kazi hujikuta ikiuza mbuzi mwezi wa pili wa masomo.

Bodi hupima uhitaji, haipimi alama peke yake. Fomu huuliza wazazi wanafanya kazi gani, kaya ina mali gani, ndugu wangapi wanasoma, na wewe mwenyewe ulisoma shule ya aina gani. Mwanafunzi aliyesoma shule ghali kwa hisani ya mfadhili na asieleze hivyo huonekana kama mtoto wa tajiri, kwa hiyo ambatisha barua ya mfadhili huyo. Ukificha mali ya familia, unahatarisha mkopo na pia unajitia katika kosa la kisheria.

Nyaraka ndizo huwachelewesha watu. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, si ngumu kuipata, lakini mwenyekiti anaweza kuwa shambani, safarini au msibani, na muhuri wake uko naye. Usimfuate siku ya mwisho. Wadhamini nao wasiwe watu wa kutia saini tu njiani. Mweleze mdhamini wako kwamba jina lake litabaki kwenye faili kwa miaka mingi na kwamba atatafutwa usipopatikana, kisha uchukue nakala ya kitambulisho chake cha taifa ukiwa hapohapo. Lakini kikwazo kinachonisumbua kuliko vyote ni majina. Cheti cha UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, kinasema Mohamed, kitambulisho cha taifa kinasema Muhamad, na barua ya LC1 imeandika Mudi kwa sababu ndivyo kijiji kinavyomwita. Kwa mtu ni kijana mmoja. Kwa mfumo ni watatu. Tandaza nyaraka zote mezani, linganisha herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti nenda ukaape kiapo cha kisheria kuhusu jina au uombe marekebisho NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, miezi kadhaa kabla ya maombi kufunguliwa.

Marejesho huanza baada ya mwaka mmoja wa neema tangu kumaliza masomo, na ukiajiriwa mwajiri hukata sehemu ya mshahara na kuiwasilisha Bodi. Riba na muda wa kulipa vimeandikwa kwenye mkataba, nao usomwe pamoja na mzazi au mlezi kabla ya saini.

Basari na wafadhili wengine

Hapa milango ni mingi na haifanani. Mastercard Foundation imekuwa na programu yake Makerere kwa vijana wenye uwezo darasani wasio na kitu nyumbani, Muljibhai Madhvani Foundation hutoa ufadhili wa masomo, na vyuo vingi binafsi huwapunguzia ada wanafunzi wenye alama za juu. Kwa kila mmoja uliza swali lilelile: analipia nini, kwa miaka mingapi, na ni alama gani nikishuka chini yake atasitisha? Anayekudai ada ya kulifikisha jina lako kwa wakubwa ni tapeli, hata akija na barua yenye nembo.

Kwa ndugu zetu wakimbizi walioko Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Kampala, ambao mkopo wa Bodi hauwahusu, ufadhili wa DAFI ndio wa kuulizia kwanza. Husimamiwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, umekuwapo tangu 1992 kwa msaada mkubwa wa serikali ya Ujerumani, na hugharimia ada pamoja na sehemu ya maisha ya mwanafunzi. Aliyemaliza sekondari Congo anatakiwa kutafsiriwa cheti chake kwa Kiingereza na kukipeleka UNEB kikalinganishwe na cheti cha Uganda, kazi ambayo ni bora kuianza mara tu cheti kinapopatikana, hata kama hakuna tangazo lolote la ufadhili.

Na ikiwa baada ya milango yote daftari bado linaonyesha pengo lisilozibika, usiondoke chuoni kimyakimya. Mwandikie msajili kuomba kuahirisha masomo, uwasilishe barua hiyo kabla muhula haujaenda mbali, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Anayetoroka bila barua huendelea kuhesabiwa ada za muhula ambao hakusoma, na anaporudi na fedha mkononi hukuta deni jipya linamngoja, au kukuta nafasi yake imefutwa.