Tathmini ya nyurosaikolojia: namna ya kujiandaa na kuyasoma majibu

Picha ya MRI huonyesha umbo la ubongo. Haionyeshi kinachotokea mtu anapolitafuta neno lisije, au anaposoma ukurasa na kufika mwisho hakumbuki mwanzo. Hayo hupimwa kwenye tathmini ya nyurosaikolojia, yaani vipimo vya kumbukumbu, umakini na kazi nyingine za akili, kwa maswali, michoro, kalamu na saa ya kuhesabu sekunde, bila sindano wala nyaya kichwani. Ila majibu huyumba sana kulingana na hali aliyokuja nayo anayepimwa, na kasoro nyingi za kazi hii huanzia nyumbani, kabla mlango wa chumba cha vipimo haujafunguliwa.

Anza na swali mahususi. "Nataka kujua kama yuko sawa" halimsaidii mtaalamu. Linalomsaidia ni kama hili: mtoto anasoma polepole kwa sababu haunganishi herufi na sauti, au kwa sababu umakini unamkatika? Baada ya kuumia kichwa, ataweza kurudi kwenye kazi ya mashine? Mzee anasahau kwa sababu ya umri, sonona, au ugonjwa unaoanza? Swali ndilo linaloamua vipimo vitakavyochaguliwa.

Kisha kusanya karatasi: dawa zote na dozi zake, majibu ya picha za ubongo, ripoti za shule za miaka kadhaa (hata kwa mtu wa miaka 40, maana zinaonyesha alikoanzia), na ripoti ya tathmini iliyotangulia kama ipo. Kwa mzee, hakikisha daktari ameshapima homoni za tezi ya thairoidi na vitamini B12. Upungufu wa kimojawapo huvuruga kumbukumbu na hutibika, na ni hasara kumkalisha mtu siku nzima akijibu maswali kumbe jibu liko kwenye damu.

Kuna nyakati za kuahirisha: siku za mwanzo baada ya kiharusi au kuumia kichwa, mtu akiwa na homa, akiwa amechanganyikiwa ghafla kwa maambukizi, au akiwa ametumia kilevi. Mwenye kifafa aliyepata degedege jana yake aseme mapema, kwa kuwa kumbukumbu na kasi ya kufikiri hushuka kwa muda baada yake.

Siku yenyewe mazungumzo huchukua kama saa moja au mbili, na vipimo muda wa saa tatu hadi sita pamoja na mapumziko. Watoto wadogo na wazee ni bora wagawiwe siku mbili. Mtu alale vya kutosha, ale, avae miwani yake, na kifaa chake cha kusikia kiwe na betri mpya. Mzee asiyesikia vizuri huonekana amesahau neno ambalo kwa kweli halikumfikia. Dawa usiziache kwa uamuzi wako. Uliza mapema kama mtoto anayetumia dawa za umakini azinywe siku hiyo au la, na taja dawa za mzio zinazoleta usingizi pamoja na za kutuliza wasiwasi, kwa kuwa nazo hupunguza kasi na kumbukumbu.

Usitafute vipimo mtandaoni ukajizoeza. Utapata alama nzuri, na tatizo lililokupeleka litafichika.

Kinachopimwa

Chukua kipimo kimoja uone mantiki yake. Unasomewa maneno 15, unayarudia unayoyakumbuka. Orodha ileile husomwa mara tano. Inasomwa orodha nyingine ya kukuvuruga, kisha unaulizwa tena ile ya kwanza. Baada ya dakika 20 hadi 30 za kazi nyingine unaulizwa tena, na mwishowe unaonyeshwa maneno mengi uchague yaliyokuwamo. Anayejifunza taratibu lakini hapotezi alichopata ana tatizo tofauti na anayepoteza karibu chote baada ya nusu saa. Asiyekumbuka mwenyewe lakini akayatambua akionyeshwa, taarifa imo ila kuitoa ndiyo kazi. Mara nyingi huonekana hivyo kwenye sonona. Asiyeyatambua hata akionyeshwa, yaelekea hayakuhifadhiwa kabisa, na kwa mzee hali hiyo humfanya mtaalamu aufikirie ugonjwa wa Alzheimer. Jumla ya alama yaweza kuwa sawa kwa watu hawa wote.

Vingine ni kuunganisha namba na herufi kwa zamu (1, A, 2, B), kutaja wanyama wengi kwa sekunde 60, na kunakili mchoro mgumu kisha kuuchora bila kuutazama.

Mtoto aambiwe ukweli: atafanya mafumbo, mengine rahisi na mengine magumu hata kwa wakubwa. Mzazi hubaki nje, kwani mtoto humtazama usoni kabla ya kujibu. Mtu mzima, hasa mwenye dai la fidia, atakutana na vipimo vya kuangalia kama anajitahidi kweli. Ni utaratibu, si tuhuma. Mzee aje na mtu anayeishi naye, na huyo ahojiwe peke yake. Na kipimo kifupi cha akili cha dakika kumi chenye alama 30 (kama MMSE au MoCA) ni mchujo tu: msomi aliyeanza kuugua huweza kukipita, na asiyesoma akakifeli akiwa mzima.

Lugha ya vipimo iwe ile anayoimudu zaidi. Ndugu asitumike kama mkalimani. Bila kukusudia atafafanua swali au kulinyoosha jibu.

Majibu

Alama nyingi hupangwa wastani ukiwa 100. Takriban theluthi mbili ya watu wako kati ya 85 na 115, na wawili hivi kati ya mia wako chini ya 70. Ukikuta umewekwa nafasi ya 25 kwa mia, maana yake umewazidi watu 25 kati ya 100 wa rika lako, si kwamba umepata maswali robo. Kwenye vipimo 20, alama moja au mbili za chini ni kawaida hata kwa mwenye afya. Cha kutazama ni zile zinazoshuka pamoja. Na alama 100 kwa mtu aliyekuwa juu sana yaweza kuwa anguko.

Kwenye kikao cha majibu uliza: ni nini kilichoshuka, chanzo kinachoelekea ni kipi, na kesho tubadilishe nini? "Afanye mazoezi ya akili" si pendekezo. "Apewe muda wa ziada kwenye mitihani ya maandishi" ni pendekezo.

Kurudia, mara nyingi subiri mwaka mmoja, na si chini ya miezi sita isipokuwa hali imebadilika ghafla. Akirudi mapema, mazoea ya vipimo hupandisha alama na kushuka halisi kukafunikwa.