Pampu ya tangi la samaki inanguruma? Tafuta kwanza kelele inatoka wapi

Wengi wakichoshwa na mngurumo wa pampu usiku huichomoa ili walale. Tafadhali usifanye hivyo. Maji ya nyuzi 30, ambayo ni ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa msimu wa joto, hata yakishiba hewa hubeba miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita. Samaki wakiwa wengi, akiba hiyo inaweza kuisha kabla hakujapambazuka. Mara nyingi kelele hutibika bila kununua kitu.

Hatua ya 1: Inua pampu. Mikono iwe mikavu. Pampu ya hewa (ile inayokaa nje ya maji) ikiwa inafanya kazi, ishike na uiondoe mezani. Kelele ikipungua papo hapo, pampu yako ni nzima. Kinachopiga kelele ni meza. Ndani ya pampu hizi kuna mkono wenye sumaku unaochezeshwa na umeme wa nyumbani, ambao huku kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Ubao mwembamba wa kabati huupokea mtetemo huo na kuukuza kama ngozi ya ngoma.

Hatua ya 2: Itenganishe na ubao. Iweke juu ya kipande cha sponji nene au ndala kuukuu iliyo laini. Mimi napenda zaidi kuining'iniza kwa kamba kwenye msumari, isiguse ukuta. Angalia na mpira wa hewa pia, yaani bomba laini linalopeleka hewa kwenye tangi: ukikazana na kuegemea kioo, mtetemo utapitia hapo, kwa hiyo ulegeze. Usiifunge pampu kwa taulo. Itapata joto, na vikombe vya mpira vilivyo ndani vitachakaa upesi.

Pampu ikae juu ya usawa wa maji. Kama haiwezekani, weka vali ya njia moja kwenye mpira, kwa sababu umeme ukikatika maji yanaweza kurudi nyuma hadi ndani ya pampu.

Hatua ya 3: Chomoa mpira wa hewa. Sauti ikilainika, hewa ilikuwa inazuiwa: jiwe la hewa (lile linalotoa mapovu ndani ya maji) limeziba au mpira umejikunja mahali. Badilisha jiwe. Kama mapovu ni mengi kuliko unavyotaka, usiubane mpira. Weka kiungo cha njia tatu, hewa ya ziada itokee nje.

Sauti ikibaki ya kukwaruza, chomoa umeme, fungua skrubu za chini utazame vikombe vya mpira vinavyosukuma hewa. Kikombe kilichopasuka hubadilishwa. Mkono wa sumaku uliopinda na kugonga pembeni nao husikika hivyo hivyo. Unyooshe urudi katikati.

Hatua ya 4: Pampu ya ndani ya maji. Hapa chomoa kila kifaa cha tangi kabla ya kutia mkono. Fungua kifuniko, vuta propela yenye sumaku. Utakuta mchanga, utelezi, pengine konokono mdogo, na kwa wanaotumia maji ya kisima, ukoko mweupe wa chokaa. Loweka propela kwenye siki nusu saa, isugue kwa mswaki pamoja na tundu lake, kisha suuza vizuri. Kijiti cha katikati mara nyingi ni cha kauri na hukatika kirahisi, kwa hiyo kivute kikiwa kimenyooka. Hakikisha vijipira vya ncha zake vipo. Kimoja kikipotea, kijiti hugonga tak-tak-tak hata pampu ikiwa safi kabisa.

Ukiirudisha ikalia kama ina changarawe, ni hewa iliyonaswa ndani. Iinamishe huku na huku chini ya maji mpaka mapovu yaishe. Usiiwashe ikiwa kavu, maana maji ndiyo yanayoilainisha. Waya wake uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, matone yadondoke sakafuni na si kwenye plagi.