Uvimbe wa Frantz kwenye kongosho: mambo ya kuzingatia kabla ya upasuaji, kwa mwanamke na kwa mwanamume

Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye kongosho, moyo humwenda mbio, na haki yake. Lakini uvimbe wa Frantz ni jambo jingine. Virginia Frantz, daktari wa Marekani, aliueleza mwaka 1959. Ni nadra, hukua polepole, na ukiondolewa wote, zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa huwa hai miaka 5 baadaye. Katika kila wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, wengi wao wa miaka ya ishirini na thelathini.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma, kwa sababu huwaponza wanaume. Daktari akimwona binti mwenye uvimbe mkubwa wenye sehemu ngumu na sehemu za majimaji, ugonjwa huu humjia akilini mapema. Mwanamume huwa amemzidi binti huyo umri, mara nyingi kwa miaka kumi hivi, na uvimbe wake huelekea kuwa mgumu wote, bila majimaji. Kwenye picha hufanana na uvimbe wa seli zinazotoa homoni, ambao una matibabu yake tofauti. Kwa hiyo kabla ya kukubali jina la ugonjwa, mwanamume aulize: je, kinyama kilichochukuliwa kwa sindano kimepimwa betakatenini? Katika uvimbe wa Frantz protini hiyo hujikusanya ndani ya kiini cha seli, awe mgonjwa mke au mume. Vipimo vya damu vya alama za saratani visikupe jibu la haraka, maana kwa kawaida hubaki sawa.

Mwanamke naye ana hatari yake ya kupotoshwa. Uvimbe wake huweza kudhaniwa ni kifuko cha maji tu kilichobaki baada ya kongosho kuvimba. Kama hajawahi kuugua kongosho wala kuumia tumboni, aliseme hilo waziwazi. Apimwe pia ujauzito kabla ya CT-scan na kabla ya upasuaji, na kama anapanga kuzaa, mpango huo aueleze sasa, si baada ya kushonwa. Seli za uvimbe huu mara nyingi huwa na vipokezi vya projesteroni, homoni ya kike, yaani sehemu inaponasa homoni hiyo, na wapo wajawazito ambao uvimbe wao uliongezeka. Watu hukimbilia kusema basi ni homoni za kike. Ila vipokezi hivyohivyo huonekana kwa wanaume pia, hivyo homoni peke yake haitoshi kueleza tofauti ya jinsia.

Yaliyobaki hayachagui jinsia. Uliza uvimbe umekaa wapi. Ukiwa upande wa mkia wa kongosho, bandama huenda ikatolewa pamoja nao, na hapo chanjo za kukinga dhidi ya bakteria wa nimokoka, meningokoka na Hib zinatakiwa angalau wiki 2 kabla ya upasuaji. Jambo hili husahaulika kirahisi wakati kila mtu anafikiria kisu. Ulikumbushe wewe au ndugu yako. Ukiwa upande wa kichwa cha kongosho, upasuaji ni mkubwa zaidi, unagusa utumbo na njia ya nyongo. Pima sukari mapema ili kuwe na kipimo cha kulinganishia, kwa kuwa kongosho likipungua kisukari huweza kuja. Uliza pia kuhusu vidonge vya vimeng'enya vya kusaidia mmeng'enyo.

Kwa wagonjwa wachache, kama 10 hadi 15 kwa kila 100, uvimbe husambaa, hasa kwenye ini, na hata hao wengi huishi miaka mingi. Unaweza pia kurudi baada ya muda mrefu. Panga basi, kabla hujalazwa, nani atakayefuatilia picha zako mwaka hadi mwaka, na uwe na nakala ya majibu ya maabara mkononi mwako.