Bembea ya studio: ipime kwa saruji kabla ya mteja

Wapiga picha wenzangu mnaotundika bembea ya maua studio, tazameni kwanza juu. Dari ya jipsamu haibebi mtu, hata uipige skrubu ishirini. Kulabu iingie kwenye boriti au kwenye zege lenyewe, na kama hujui boriti imepita wapi, mwite fundi.

Mtu akibembea, kamba huvutwa kwa nguvu kuliko akiwa ametulia. Ndiyo maana mimi hupakia mifuko mitatu ya saruji, kilo 150, naisukuma taratibu, naiacha nusu saa, kisha napanda ngazi kukagua. Ukikuta unga wa zege umemwagika kuzunguka kulabu, shusha kila kitu siku hiyohiyo.

Kamba ya katani inapendeza pichani ila husagika pale inapopita kwenye tundu la ubao. Mzigo ubebwe na mnyororo. Katani na maua vizungushwe juu yake.

Kwa mtoto mdogo, funga bembea chini kabisa, tandika godoro, na mama yake amshike muda wote. Mkono wa mama utaufuta baadaye kwenye kompyuta.