Kutambua na Kukadiria Thamani ya Saksafoni za Conn za Kipindi cha Mpito

Saksafoni za alto zilizotengenezwa na kampuni ya Conn mjini Elkhart, Indiana, mwanzoni mwa miaka ya 1930 huwatatiza wanunuzi, kwa sababu kiwanda hakikuuacha muundo wa New Wonder kwa mkupuo mmoja kikaanza ule wa 6M, bali kilibadilisha sehemu moja baada ya nyingine. Namba iliyogongwa mgongoni mwa ala, karibu na kishikio cha kidole gumba, itakuonyesha mwaka kwa kukadiria tu. Aina yenyewe isome katika umbo.

Anza na vifuniko viwili vikubwa vya noti za chini kabisa. Katika New Wonder, kimoja kiko kulia mwa mdomo mpana wa ala, ule wa chini unaotoa sauti, na kingine kushoto. Katika 6M vyote viwili viko kushoto mwa mpigaji. Kisha tazama shingo, yaani bomba lililopinda la juu: mkono wa oktava, yaani wenzo unaopandisha noti oktava moja, ukipita juu yake, huo ni utaratibu wa zamani, ukipita chini, ni wa 6M. Vifuniko vya mtindo mpya vikikutana na nakshi au shingo ya mtindo wa zamani, huenda umeshika ala ya mpito. Usiharakishe kuamini, maana shingo hupotea na kubadilishwa.

Thamani, kwa maoni yangu, hukaa zaidi kwenye matundu yanayozibwa na vifuniko. Conn walikunja kingo zake kwa nje, na ukipitisha kidole utahisi ukingo wa mviringo, laini kama wa kikombe. Fundi akiupiga tupa ili kuusawazisha, mkunjo huo hukatika na haurudi tena. Ala ya namna hiyo mimi huipunguzia bei bila kusita. Tumbukiza taa ndogo ndani yake gizani, ufunge vifuniko kwa kugusa kidogo tu, na utazame mwanga unapovuja. Pedi chakavu, yaani vizibo laini vilivyo ndani ya vifuniko, si aibu, kwani hubadilishwa. Mistari ya nakshi iliyofifia, kana kwamba imeoshwa, huashiria kusuguliwa na kupakwa vanishi upya, jambo linaloshusha bei hata sauti ikiwa nzuri.

Unapokadiria, chukua bei ambayo ala iliyokarabatiwa imeuzwa kweli, wala si ile anayoitangaza muuzaji, kisha toa gharama zote za fundi, ukianza na pete ya kurekebishia sauti iliyo shingoni, ambayo ikikwama au ikikosa vipande vya ndani ni kazi ngumu kuirudisha.